Wat Pho, Bangkok: kiingilio cha baht 300, na kwa nini usitoke baada ya dakika 20

Wengi wanaoingia hekalu la Wat Pho hukimbilia sanamu ya Buddha aliyelala, hupiga picha na kuondoka. Wanapoteza sehemu kubwa ya walicholipia. Sanamu yenyewe ni ya kustaajabisha kweli: mita 46 kutoka utosini hadi nyayoni, kimo mita 15, tofali na lipu vilivyofunikwa dhahabu. Lakini uzito wa hekalu hili uko uani. Mfalme Rama I wa Thailand alilijenga upya mwishoni mwa karne ya 18, kisha mjukuu wake, Rama III, akaamuru elimu ya zama zake ichongwe kwenye mawe ili kila anayejua kusoma ajifunze: tiba, ushairi, historia, dini. Maandishi hayo, zaidi ya 1,400, yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2011.

Njia nyepesi ya kufika ni treni ya chini ya ardhi, laini ya buluu, hadi stesheni ya Sanam Chai, halafu dakika chache kwa miguu. Aliyefikia maeneo ya Nana apandie stesheni ya Sukhumvit. Mfanyabiashara wa vito aliyefikia Silom apandie ile ya Si Lom. Wote wawili hawabadilishi treni, na wanaikwepa foleni ya teksi.

Ukikaribia ukuta wa hekalu, huenda mtu nadhifu mwenye maneno matamu akakuambia kwamba leo pamefungwa kwa ibada, na kwamba ipo bajaji itakayokuzungusha mahekalu mengine kwa bei ya kutupa. Mpite. Wat Pho hufunguliwa kila siku kuanzia saa 2 asubuhi, na tiketi huuzwa dirishani, langoni. Safari ya bajaji hiyo huishia duka la vito au kwa fundi wa suti. Hata mwenye jicho la kupima tanzanite asiingie humo, kwa kuwa bei imeshabeba kamisheni ya dereva.

Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Kanga au kikoi mkobani hukuondolea shida ya kuazima kitambaa mlangoni. Vaa viatu vya kuvua haraka, maana utavivua zaidi ya mara moja. Vilivyoachwa juani nje ya ukumbi huunguza miguu unapovivaa tena. Ukiketi mbele ya sanamu, kunja miguu upande au nyuma. Kuielekezea sanamu nyayo ni utovu wa adabu mkubwa. Mwanamke asimguse mtawa wala kumkabidhi kitu mkononi.

Ndani ya ukumbi wa Buddha aliyelala unaanzia kichwani na kushuka kuelekea miguuni. Nguzo zimesongamana, kwa hiyo picha ya mwili mzima ukiwa umesimama katikati haiwezekani. Nenda upande wa miguu, simama pembeni, upige kuelekea kichwani. Hapo pia usikose nyayo zenyewe, zenye alama 108 za heri zilizopambwa kwa ganda la chaza. Mgongoni kuna bakuli 108 za shaba: unatoa baht 20, unapewa sarafu ndogondogo, unadondosha moja moja ukitembea. Watu hubanana pale wakiwa wameinamia bakuli, na wezi wa mifukoni wanalijua hilo. Mkoba uwe mbele, zipu imefungwa.

Ukitoka, usielekee langoni. Fuata varanda zilizozunguka ukumbi mkuu wa ibada, ambazo pamoja zina sanamu 394 za Buddha. Humo ukumbini, chini ya kiti cha sanamu kuu, kumehifadhiwa majivu ya Rama I. Minara minne mikubwa ya chedi (minara ya kumbukumbu ya Kibuddha), iliyopambwa kwa kaure za rangi, ni ya wafalme wanne wa kwanza wa nasaba ya Chakri. Majitu ya mawe yanayolinda malango yalitoka China yakiwa farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, kwenye majahazi ya biashara.

Tafuta pia banda lenye vibao vya miili ya binadamu iliyochorwa mistari na vituo vya kubonyeza. Hicho ndicho chanzo cha shule ya masaji iliyoanzishwa hapa mwaka 1955. Mabanda ya masaji yamo ndani ya ua. Bei yake ni juu kuliko ya mitaani, lakini mikono ni ya waliosomea. Chukua namba kwanza, kisha endelea kutembea wakati foleni inasogea. Masaji ya Kithai ni ya kubonyeza na kunyoosha viungo ukiwa umevaa nguo, na ina nguvu: mwenye mimba, presha au mgongo mbovu aseme kabla hajalala.

Kasoro kubwa ni maelezo. Mawe yamejaa maandishi ya Kithai na tafsiri ni haba, kwa hiyo asiye na mwongozaji atapita mbele ya hazina bila kujua. Kivuli nacho ni kidogo. Kati ya saa 4 na saa 8 mchana ua huwaka na makundi ya watalii hujaa.

Tenga muda wa saa 2. Kama una Grand Palace, kasri la wafalme, siku hiyohiyo, anza nayo, maana huacha kuuza tiketi saa 9 na nusu alasiri, ilhali Wat Pho hubaki wazi hadi jioni.