Tahadhari: beringi za habu zilizotumika zinang'arishwa na kuuzwa kama mpya

Wakuu, hasa wenye semi na mafundi wa mikoani mnaoagiza spea Dar na kuletewa kwa basi: kuna beringi za habu (kitovu cha gurudumu) zinauzwa mtandaoni kwa jina la kampuni kubwa za Ulaya, kumbe ni chakavu zilizooshwa, zikasuguliwa na kutiwa kwenye vikasha vipya. Namba za kuangalia kwanza ni zile zinazotoka haraka kwenye matela, kama 33118 na 33213.

Muuzaji wa aina hii utamjua kwa mwenendo. Anataka hela yote kwa simu kabla ya kutuma, risiti ya EFD hana, na bei yake iko chini kidogo tu ya ya dukani, maana akishusha hadi nusu utashtuka. Halafu ana sharti moja: ikishapakwa grisi hairudishwi. Sharti hilo ndilo linalomlinda, kwa hiyo ukaguzi wote ufanyike beringi ikiwa kavu, kabla haijagusa habu.

Pangusa mafuta yote kwa kitambaa safi. Beringi mpya ina rangi moja kila mahali, na kingo zake ni kali na za kufanana. Iliyosuguliwa ina mikwaruzo myembamba ya msasa inayozunguka ringi, na kingo zimepoteza ukali. Angalia maandishi: kama yamekaa juu ya mikwaruzo, basi yameandikwa baada ya kusugua. Namba ya koni (ringi ya ndani yenye rola) na ya bakuli (ringi ya nje) zilingane, na jina la kampuni pia. Koni ya kampuni moja ikikutana na bakuli la nyingine ndani ya kikasha kimoja, rudisha palepale.

Kisha ingia ndani ya bakuli kwa tochi. Vishimo au mistari iliyoachana sawasawa, kwa nafasi ya rola na rola, ni alama ya beringi iliyokwisha kubeba mzigo. Rangi ya bluu au kahawia ni dalili kwamba chuma kilishapata moto na huenda ugumu wake umepungua. Keji (fremu inayoshika rola) iliyobonyea pengine ilishagongwa. Mng'aro usikudanganye, msasa unafika juu ya ringi, lakini pembeni ya kingo ambako rola zinaegemea ni vigumu kufika, na hapo ndipo uchakavu unapobaki.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni maikrometa, si venia (kalipa ya kawaida). Bakuli la 33118 lina kipenyo cha nje cha mm 150, na likiwa jipya halipungui zaidi ya takriban mm 0.02. Lililosuguliwa ili kuondoa kutu ya msuguano linaweza kupungua zaidi ya hapo. Matokeo yake linazunguka ndani ya habu badala ya kukaa, linakula ukuta wa habu, na siku hiyo hununui beringi tena, unanunua habu. Bakuli likiingia kwa kusukuma na kidole gumba, simama. Habu yenyewe inaweza kuwa imekwisha, kwa hiyo jaribu bakuli jingine unaloliamini kabla ya kumlaumu mtu. Ila usipige senta-panchi ukutani ili libane. Hiyo ni kuahirisha ajali hadi mteremko wa Kitonga.

SKF wana programu ya simu iitwayo SKF Authenticate: unapiga picha za kikasha na beringi, wataalamu wao wanakujibu. Schaeffler, wenye chapa ya FAG, wana OriginCheck inayosoma msimbo wa kwenye kikasha. Kikasha pekee hakitoshi, maana halisi nacho huokotwa na kutumika tena.

Ukishatuma malalamiko, jibu la muuzaji linajulikana: "fundi wako kafunga vibaya." Basi mnyime njia hiyo. Bakuli liingizwe kwa presi au kwa kipande cha shaba, kwa zamu pande zote, mpaka likae chini kabisa. Koni usiipashe moto kwa mtungi wa gesi. Mafuta ya moto au hita yasipite nyuzi 120. Usiizungushe kwa upepo wa kompresa. Sili iwe mpya. Grisi ijazwe mpaka katikati ya rola, na habu yenyewe isishindiliwe. Kaza nati huku habu inazungushwa ili rola zikae, ilegeze, kisha pima mchezo (ulegevu wa habu kwenda mbele na nyuma) kwa geji ya saa: mm 0.025 hadi 0.127 kwa habu za nati ya kurekebisha, isipokuwa mtengenezaji wa ekseli ametoa maelekezo yake. Piga picha ya geji.

Baada ya kilomita 20 hadi 30, pima joto la habu zote mbili za ekseli hiyo. Moja ikizidi sana mwenzake, inua tairi kabla ya kuendelea. Breki inayokwaruza nayo hupasha habu, kwa hiyo angalia hiyo kwanza.

Mkikuta imechakachuliwa, msiirudishe kwa muuzaji kabla ya kukusanya ushahidi, maana itarudi kwenye kikasha kingine. Piga picha namba, kikasha, ujumbe wa simu na muamala, peleka FCC (Tume ya Ushindani), ambao ndio wenye kazi ya bidhaa bandia Tanzania Bara. Na chakavu zenu za gereji, kabla hazijaenda kwa wanunuzi wa chuma, kateni ringi kwa grainda na mpasue vikasha.