Pasi ya kulehemu vipande vidogo vya bodi: ipi ununue ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Fundi aliyezoea kulehemu waya za redio akifungua bodi ya chaja au ya kidhibiti cha sola anakutana na kazi nyingine kabisa. Resista haina miguu, ina urefu wa milimita 1.6 na upana wa 0.8, imekaa juu ya bodi kama chembe ya sukari. Saizi hiyo huitwa 0603. Iliyo rahisi zaidi ni 0805, milimita 2 kwa 1.25, na ndiyo ya kuanzia. Ile ya 0402, milimita 1 kwa nusu, iache kwanza mpaka mkono utulie.

Wengi wakifika hapo hukimbilia pasi yenye ncha iliyochongoka sana, wakidhani kitu kidogo kinataka ncha ndogo. Hela imepotea. Ncha ya hivyo inagusa pedi (kibao kidogo cha shaba kwenye bodi) sehemu finyu mno, joto halipiti, unapandisha nyuzi, flaksi (dawa inayofanya risasi ishike) inaungua, na mwisho pedi inabanduka kwenye bodi. Ncha inayofaa ni ya kisu, au ile iliyokatwa mshazari, yenye uso wa milimita 2 hivi. Kwa hiyo orodha yangu nimeipanga kwa kuangalia ncha na hita kwanza. Wati zinafuata nyuma. Nimeangalia pia umeme ukikatika utafanyaje, maana wapo wasomaji wa Makete na Ludewa ambao umeme wao ni wa sola tu.

Ya kwanza: pasi ndogo ya DC (umeme wa chaja au betri), aina ya Pinecil au TS101

Ukubwa wake ni wa kalamu nene. Hita na kihisi joto vimo ndani ya ncha yenyewe, kwa hiyo ukigusa pedi kubwa pasi inajua papo hapo kwamba imepoa na inaongeza moto. Pinecil kwa watengenezaji wake ilikuwa kama dola 26, bila usafiri, na haiji na chaja. Tafuta chaja ya USB-C ya wati 65 yenye mfumo wa PD, unaoiwezesha pasi kuomba volti kubwa. Chaja ya kawaida ya simu haitoshi.

TS100, mtangulizi wa TS101, inaonyesha vizuri kwa nini volti ni muhimu: kwa volti 12 inatoa wati 17, kwa volti 19 inatoa 40, kwa volti 24 inatoa 65. Ndiyo kusema chaja ya laptopu ya volti 19 inaendesha pasi ya aina hii bila shida, mradi kichwa cha waya kiingie. Betri ya sola ya volti 12 nayo itaiendesha, kwa resista na transista ndogo inatosha, ila kwenye eneo pana la shaba utasubiri mpaka uchoke. Angalizo kwa wenye betri mbili zilizounganishwa kuwa volti 24: paneli ikiwa inachaji, volti hupanda mpaka 28 na zaidi, na mwisho wa pasi hizi ni 24. Chomoa paneli kwanza, subiri volti zishuke, pima kwa mita, ndipo uunganishe zikiwa hazizidi 24.

Ya pili: stesheni ya T12

Ncha za T12 asili yake ni Hakko wa Japani, na siku hizi viwanda vingi vya China vinatengeneza stesheni zinazozitumia. Hapa pia hita imo ndani ya ncha. Kwa joto peke yake ningeiweka juu ya Pinecil, na mwenye meza ya kudumu na umeme wa uhakika aichukue bila kusita. Imeshuka nafasi kwa sababu inakaa mahali pamoja tu.

Ya tatu: stesheni za mtindo wa 936

Hizi ndizo utakazoziona kwa urahisi kwenye maduka ya vifaa vya simu, iwe Mwanjelwa au Kariakoo, na ncha zake za 900M zinapatikana. Tatizo ni kwamba ncha ni kofia tupu inayovalishwa juu ya hita. Kwenye nakala nyingi kofia hailingani na hita, kunabaki nafasi ya hewa, na namba unayoisoma kwenye kioo si joto lililopo nchani. Ukiwa dukani, pasi ikiwa ya baridi, fungua nati ya mpini, vuta ncha, uangalie kama hita inafika karibu na mwisho wa tundu. Ikiishia katikati, omba nyingine. Muuzaji akikataa usifungue, nenda duka la jirani.

Ya nne: pasi ya umeme wa ukutani yenye kirungu cha kuzungusha kwenye mpini. Nyingi hazina kihisi. Kirungu kinapunguza umeme tu, na "350" iliyoandikwa pale ni ya kukisia. Kwa kujifunzia inafaa, ukiifunga ncha ya mshazari.

Ya mwisho: pasi ya wati 60 isiyo na chochote cha kurekebisha. Iache ifanye kazi ya waya.

Sasa, hela ikibana, punguza kwenye pasi kabla hujapunguza kwenye flaksi. Pasi ya nafasi ya nne yenye flaksi nzuri itamshinda mwenye stesheni anayelehemu pakavu bila flaksi. Nunua flaksi ya jeli ya bodi za elektroniki. Ile ya mafundi bati na mabomba ina asidi, itakula njia za shaba taratibu, na bodi itarudi kwako baada ya muda ikiwa na ukungu wa kijani. Flaksi ya asili imetokana na utomvu wa msonobari, mti ambao Mufindi umejaa kuanzia Sao Hill, lakini sisi bado tunaipokea ikiwa ndani ya sindano za plastiki kutoka China.

Risasi ya kulehemu chagua ya milimita 0.5 mpaka 0.8, yenye alama 63/37, yaani bati 63 na madini ya risasi 37. Inayeyuka kwa nyuzi 183 na kuganda mara moja, tofauti na isiyo na madini ya risasi ambayo kwa kawaida huanzia 217. Weka pasi 320 hadi 350. Bodi nyingi mpya zimelehemiwa kwa hiyo ya 217, kwa hiyo unapotoa kipande, ongeza kwanza 63/37 kidogo juu yake, vichanganyike, kitoke kwa urahisi. Ukimaliza osha mikono kabla ya kushika chakula.

Kuweka 0603 ni hivi. Paka flaksi, tia tone dogo la risasi kwenye pedi moja tu. Shika kipande kwa kibano, yeyusha lile tone, sogeza kipande mpaka kilale bapa, ondoa pasi, na usiachie kibano mpaka risasi igande. Lehemu upande wa pili, kisha rudi kuugusa wa kwanza kwa flaksi mpya. Aisii (chipu yenye miguu mingi) ambayo miguu yake inaonekana ni rahisi kuliko inavyotisha: lehemu kwanza pembe mbili, paka flaksi mstari mzima, buruta ncha ya kisu yenye risasi kidogo juu ya miguu yote.

Juni na Julai Mbeya na Njombe ni kavu na baridi, na kila mtu yuko ndani ya sweta. Sweta hizo zinazalisha umeme tuli unaoweza kuua mosfeti, aina ya transista, bila wewe kuhisi kitu. Ivue, au funga mkono kwa kamba ya athi. Na baridi isikufanye ufunge dirisha, moshi wa flaksi unawasha mapafu. Feni ndogo ya kompyuta ikivuta moshi pembeni inatosha.

Blowa ya hewa ya moto, aina ya 858D, wengi huinunua mwanzoni kabisa kwa sababu wameiona kwa fundi simu. Inafaa kutolea aisii kubwa na zile zenye pedi chini ya tumbo. Inunue pale bodi ya kwanza itakapokudai kazi hiyo.