Uzoefu wangu na R katika data za matumizi ya kaya

Nilihamia R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, baada ya kuharibu data zangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nafanya utafiti wa uzamili kuhusu matumizi ya chakula kwenye vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, madodoso yote nimeyaingiza kwenye jedwali la kompyuta. Usiku mmoja nikapanga safu ya unga kuanzia kiasi kidogo hadi kikubwa, safu nyingine nikazisahau. Unga wa kaya moja ukahamia kwa kaya nyingine. Nilishtuka wiki mbili baadaye kuona bibi anayeishi peke yake anakula kilo arobaini kwa wiki, na faili la zamani nilishalifuta.

R haigusi faili la awali usipoiamuru. Unaandika amri mstari kwa mstari na kuzihifadhi, na mbele ya alama ya # unaeleza kwa nini umefanya hivyo. Msimamizi wangu akihoji wastani fulani, namtumia faili la amri pamoja na data. Anaziendesha kwake na kupata namba ileile.

Ninachokipenda kuliko vyote ndicho kilichonikera mwanzoni. Safu ikikosa jibu hata moja, ukiomba wastani unapewa NA, yaani jibu halipo, basi. Ni mpaka uandike na.rm = TRUE, yaani ukubali mwenyewe kuwaacha wasiojibu. Ndipo nikawatafuta ni akina nani. Wengi walikuwa wavuvi wa dagaa: wadadisi wetu walipita kipindi cha giza la mwezi, wenyewe wamekesha ziwani na mchana wamelala. Tulirudi kuwahoji.

Wakubwa pia huteleza. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon alionyesha kwamba kwenye jedwali la Excel la wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, nchi 5 ziliachwa nje ya hesabu. Aliliona kosa hilo kwa sababu walimpa jedwali lenyewe.

R ni ya bure. Kasoro yake, hupakia data zote kwenye kumbukumbu ya mashine, na kompyuta yangu ya RAM GB 4 huganda faili likiwa kubwa. Ujumbe wa makosa nao ni mgumu kuuelewa; mwezi wa kwanza utateseka. Ukianza, sakinisha mapema vifurushi vya R (programu ndogo za nyongeza) vya haven, kinachosoma mafaili ya Stata, programu nyingine ya takwimu, na survey, cha uzito wa sampuli, yaani kila kaya iliyohojiwa inawakilisha kaya ngapi, ukiwa kwenye intaneti ya chuo. Mimi bando liliniishia katikati.