Unanunua bastola ya kwanza? Chukua kubwa

Mgeni wa silaha akifika kaunta, macho yake huenda moja kwa moja kwa ile ndogo inayoenea kiganjani. Muuzaji naye hamkatazi. Lakini bastola jinsi inavyokuwa ndogo na nyepesi ndivyo inavyozidi kuwa ngumu kuipiga. Risasi ya 9mm ni ileile, iwe ndani ya Glock 17 yenye zaidi ya gramu 600 au ndani ya Glock 43 isiyofika nusu kilo, zote zikipimwa bila magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mshiko). Kinachobadilika ni teke utakalolipata mkononi. Isitoshe, juu ya bastola fupi vilengeo vya mbele na nyuma hukaribiana, hivyo ukikosea kidogo tu kulenga, kwenye shabaha unakuwa umekosea sana.

Kwa hiyo nimezipanga kwa swali moja: ipi itakufanya upige risasi nyingi bila kuiogopa? Nachukulia kibali unacho au unakishughulikia, na mkufunzi yupo. Kama hayupo, mtafute kabla ya bastola.

1. 9mm kubwa au ya wastani

Kama utamiliki silaha moja tu, iwe hii. Risasi za 9×19mm zimekuwepo tangu 1902 na kwa kawaida ndizo rahisi kupatikana kati ya risasi za bastola zenye nguvu ya maana. Glock 19 hubeba 15 kwenye magazini, Glock 17 hubeba 17. Wengi watakusukuma kwenye 19 kwa kuwa inafichika vizuri. Mimi namwambia mgeni achukue 17: mtutu wake ni milimita 114 dhidi ya 102 za mwenzake, na mshiko ni mrefu zaidi. Mtu ambaye bado hajajua kulenga ana haraka gani ya kuficha?

Glock haina kizuizi cha usalama cha pembeni. Kilichopo ni kipande kidogo kwenye uso wa triga (kifyatulio), kinachobonyea pamoja nayo. Maana yake kidole kikae nje mpaka umeamua kupiga, basi. Kama jambo hilo linakunyima raha, Smith & Wesson M&P9 hupatikana na kizuizi cha kidole gumba. CZ 75 ni ya chuma kitupu, nzito, teke lake laini, nami naipenda. Ila matoleo yake mengi yana triga ya tabia mbili: mvuto wa kwanza mrefu na mzito, inayofuata mifupi na myepesi. Mgeni atahangaika nayo kidogo.

2. .22 LR

Hii ni bastola ya risasi ndogo na dhaifu kuliko 9mm. Kwa kujifunza pekee, ingekuwa namba moja. Teke karibu halipo, risasi ni za bei ndogo, unaweza kupiga mchana kutwa. Ruger Mark IV, iliyotoka 2016, inafunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja nyuma. Waliowahi kuhangaika kuunganisha Mark III, toleo lililoitangulia, wanajua hiyo ni neema gani. Taurus TX22 ina mshiko unaofanana na wa 9mm, kwa hiyo ukihama baadaye mkono hautashangaa.

Kasoro yake ni kwamba kiwashio cha .22 kiko kwenye ukingo wa ganda, na mara nyingine risasi haiwaki. Ukivuta triga na isilie, usiigeuze kuichungulia. Iache ikielekea shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kuifungua.

3. Smith & Wesson Shield EZ

Ni ya vidole visivyo na nguvu au vyenye baridi yabisi, kwa sababu slaidi yake, kile kipande cha juu kinachovutwa nyuma ili risasi iingie, imetengenezwa ili ivutike kirahisi. Lakini kabla hujajiita dhaifu, angalia unavyokoki. Wengi hubana slaidi kwa ncha za vidole viwili. Ishike kwa kiganja kizima kwa juu, lete bastola karibu na kifua mtutu ukiendelea kutazama shabaha, kisha sukuma mshiko mbele kwa mkono wa pili. Hapo ndipo wageni wengi hugeuza mtutu pembeni kumwelekea jirani. Mkufunzi akikukemea, ana haki.

4. Rivolva ya .357 yenye mtutu wa inchi 4

Smith & Wesson 686 ina uzito unaozidi kilo moja, na inapiga pia risasi za .38 Special zilizo laini. Mgeni apige hizo. Haina magazini wala slaidi; risasi hukaa kwenye silinda inayozunguka, na ukiifungua unaona yote yaliyomo. Imeshuka hapa kwa sababu triga yake ni nzito usipovuta nyundo kwanza, na kujaza upya ni polepole.

5. Vidogo vya mfukoni

Rivolva za risasi tano za gramu 400 hivi, na 9mm za saizi ya Glock 43, ni za watu waliozoea. Mgeni huanza kushtuka kabla risasi haijatoka, na kama anatumia mkono wa kulia risasi hutua chini kushoto. Mwombe mkufunzi achanganye risasi bandia kwenye magazini bila wewe kujua: zamu ya bandia ikifika, utaona mdomo wa bastola ukiinama wenyewe.

Ukiwa kaunta

Toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi na kuchungulia chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa. Ukianza na slaidi, utatoa risasi moja na kuingiza nyingine. Kisha shika kwa mkono mmoja: mtutu unyooke sambamba na mfupa wa mkono, na pedi ya kidole cha shahada ifike kwenye triga bila wewe kuhamisha kiganja. M&P, na Glock za kizazi cha nne na cha tano, zina vipande vya mgongo vya kubadilisha kulingana na mkono. Viulizie.

Hela itakayobaki isiishie kwenye leza. Inahitajika kwenye vikinga masikio, miwani, kasha la chuma lenye kufuli ambalo watoto hawalifungui, halafu risasi za mazoezi.