Dawa ya nozeli ipi ununue kama unaweka mafuta ya elfu ishirini

EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta Tanzania, ikishatangaza bei kikomo, Jumatano ya kwanza ya mwezi, simu yangu hainyamazi. Safari hii malalamiko yamefanana mno: dada, nimenunua dawa ya kusafisha nozeli (vile vinavyonyunyizia injini mafuta) Kariakoo, nimemimina, gari linakunywa mafuta vilevile. Mmoja wa Mbagala kaongeza kwamba Toyota IST yake sasa inatetemeka ikisimama kwenye taa. Nikamuuliza alikuwa na lita ngapi kwenye tanki siku anamimina. Akajibu, "Niliweka ya elfu ishirini."

Basi tuanzie hapo, maana miongozo yote ya dawa hizi ninayoiona inapapita kimya. Utaelezwa nguvu ya dawa, nchi ilikotoka, hata rangi ya chupa. Huelezwi kwamba chupa imepimwa kwa tanki lililojaa. Na Dar hii nani anajaza tanki? Tunaweka ya elfu kumi asubuhi, ya elfu ishirini jioni, taa ya njano ikiwaka tunaanza kuomba Mungu tufike sheli ya mbele.

Piga hesabu. Petroli ikiwa shilingi 3,000 hivi kwa lita, elfu ishirini ni lita sita na kitu. Tuseme chini kulikuwa na mabaki, zimekuwa saba. Chupa ndogo ya kawaida ya mililita 355 imetengenezwa kwa lita 45. Ukiimimina yote humo umempa mtoto dozi ya baba yake, tena zaidi ya mara sita. Dawa iliyozidi kiasi hicho haiungui yote. Nyingine inashuka kwenye kuta za silinda mpaka kwenye oili, na oili inalainika. Injini ikimisi usishangae. Wapo pia waoga, wanaotia kifuniko kimoja kila wiki ili chupa ikae. Hao hawaumizi gari, ila hawasafishi cha maana, kwa sababu dawa ikiwa chini ya kiwango chake haina nguvu ya kutosha kung'oa uchafu uliokwisha ganda.

Kwa hiyo orodha yangu imepangwa kwa swali moja: mililita ngapi kwa lita, na je, naweza kupima mwenyewe pale sheli? Harufu, picha ya gari la mashindano kwenye lebo, maneno ya "mara tatu zaidi", vyote nimeviweka pembeni. Kitu kingine ninachotafuta ni PEA tu, yaani polietheramini. Hii ni kemikali inayohimili joto la chumba cha mwako, ndiyo maana husafisha nozeli na valvu na kuendelea mpaka juu ya pistoni, wakati visafishaji vingi vya zamani huishia njiani.

Namba moja ni Techron Concentrate Plus ya Chevron, na sioni haya kusema mimi ni mtu wa Techron. PEA ndiyo msingi wake, lakini kilichoninasa ni hesabu yake. Kipimo ni wakia moja ya dawa kwa galoni moja ya mafuta, chupa iwe ndogo iwe kubwa. Ndogo ya mililita 355 ni ya lita 45, kubwa ya mililita 591 ni ya lita 75. Ukigawanya, zote zinakupa mililita nane hivi kwa lita. Namba hiyo unaikariri mara moja na umemaliza: lita kumi, mililita themanini. Nenda famasi, nunua bomba la sindano la mililita 50, ondoa sindano, liweke kwenye gari pamoja na glovu. IST ya kizazi cha kwanza ina tanki la lita 45, kwa hiyo chupa ndogo ni tanki lake moja kamili, hakuna hata haja ya bomba.

Hata hivyo, hata ukiwa na bomba la sindano, ushauri wangu ni udundulize, ujaze tanki mara moja, umimine chupa nzima, uende nayo safari ya maana. Bagamoyo na kurudi, au Chalinze kama una shughuli. Mtengenezaji anasema rudia kila maili 3,000, yaani kilomita kama 4,800. Mimi napenda kuifanya wiki moja kabla ya kumwaga oili, ili kama kuna dawa iliyoteremka chini itoke na oili chafu. Kujaza tanki kuna faida nyingine: ndiyo njia pekee ya kujua kama dawa imefanya kazi. Jaza mpaka pampu ijikate, andika kilomita, tembea, jaza tena mpaka ijikate, gawanya kilomita kwa lita. Anayeweka vya elfu ishirini na kutazama mshale wa geji hawezi kujua kama amepata nafuu au amepata siku mbili zisizo na foleni ya Mwenge.

Namba mbili, Red Line SI-1. Ya Marekani pia, imejaa PEA, mililita 443 kwa lita 75, yaani karibu mililita sita kwa lita. Kwa uwezo sina ugomvi nayo. Ninaiweka ya pili kwa sababu hapa Dar nimeiona kwa watu wa kuagiza tu, na dawa ya kuisubiri meli haimsaidii mtu ambaye gari linamla leo.

Namba tatu ni Liqui Moly Injection Cleaner, ya kampuni ya Ulm, Ujerumani, iliyoanza 1957. Mililita 300 kwa lita kama 70, yaani nne na kidogo kwa lita. Wenye Kijerumani chao wataninunia kuiweka hapa, najua. Lakini ni kopo la bati! Ukitumia nusu huoni kilichobaki. Unatikisa, unasikiliza, unakisia. Kwa mwenye kujaza tanki na kumimina lote ni dawa nzuri tu. Kwa mwenye kupima kidogo kidogo ni mateso, na wengi wetu tunaosoma hapa ndio hao.

Za bei chee, Abro na STP na wenzao, zipo kila kona. Fuata kipimo, hazitakudhuru. Kwa gari ambalo tayari ni safi zinatosha kulitunza. Zenye majina usiyowahi kuyasikia, zilizoandikwa lugha ambayo hata muuzaji haisomi, acha.

Usinunue vidonge vya kutumbukiza kwenye tanki, sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, wala dawa za kuongeza okteni (uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo bila kugonga) ukidhani zinasafisha. Nyingine za okteni zina manganizi inayoziachia plagi ukoko mwekundu. Wakala wa Mazingira wa Marekani, EPA, umechunguza vifaa zaidi ya 100 vinavyodai kupunguza ulaji wa mafuta na haukupata hata kimoja chenye faida kubwa. Kisafishaji kizuri nacho hakina miujiza: kinarudisha kile ambacho uchafu ulichukua. Kama nozeli zako hazikuwa chafu, umeoga ukiwa safi.

Kabla ya kununua chochote, pita gereji ukapimwe kwa kompyuta. Sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa ekzosi ili kompyuta ipange mafuta, ikiwa imekufa peke yake, kwa takwimu za serikali ya Marekani, ikibadilishwa inaweza kuboresha ulaji wa mafuta hadi asilimia 40. Hakuna chupa inayogusa hapo. Angalia na upepo wa tairi. Halafu muulize fundi wako, kwa upole, kama thermostati, valvu inayosimamia joto la maji ya injini, bado ipo. Mafundi wetu wana tabia ya kuing'oa gari likichemka mara moja tu, "Dar joto, haina kazi hii." Ina kazi. Isipokuwepo injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga mafuta mengi. Nimeona watu wakimaliza chupa baada ya chupa kutibu thermostati ambayo haipo.

Kwa wenye Toyota Noah za AZR60 na Premio za cc 2,000, funua boneti mtazame: kama imeandikwa D-4, mafuta yananyunyiziwa moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haipiti kwenye valvu za kuingiza hewa, hivyo dawa ya tanki haiwezi kusafisha kaboni iliyoganda pale. Nozeli itazisafisha. Valvu zinahitaji fundi wa kufungua. Wenye dizeli, hizi zote si zenu, tafuteni ya dizeli.

Sasa wauzaji. Kuna duka moja, silitaji, nilichukua chupa nikaigeuza nisome kipimo. Palepale penye kipimo, juu ya kila chupa kwenye rafu, wamebandika stika ya bei. Nikauliza, "Kaka, hii inaingia kwenye lita ngapi?" Akanijibu bila kuangalia, "Dada, we mimina yote, gari linapaa." Nikabandua stika kwa kucha, maandishi yakatoka nayo. Jamani, mbele ya chupa pana nafasi. Juu ya kifuniko pana nafasi. Kwa nini hapo tu?

Na bei yenyewe inategemea umeshika funguo gani. Chupa ileile ndogo ya Techron niliambiwa elfu thelathini na tano mtaa mmoja, nikavuka barabara nikaambiwa elfu hamsini na tano, kote hakuna risiti ya EFD mpaka uidai, na ukiidai bei inapanda. Marekani inauzwa karibu dola 10. Naelewa meli, naelewa ushuru, naelewa kodi ya fremu Kariakoo. Sielewi tofauti ya elfu ishirini kwa kuvuka barabara. Hiyo ni mafuta yangu ya siku mbili. Na vijana wa sheli wanaokupachika chupa dirishani wakati pampu inasoma, wakisema "sista, weka na hii", hawajawahi hata mmoja kuniuliza nimeweka lita ngapi, na namba inawaka mbele ya macho yao.

Ukikuta duka lenye chupa za lebo nzima, mhuri wa kifuniko haujaguswa, na bei imeandikwa kwenye rafu, chukua mbili. Kisha niandikie ni mtaa gani.