TAHADHARI: Filta feki za laini ya simu na intaneti, ndani hamna kitu

Wadau mnaotumia laini moja ya simu ya mezani kwa maongezi na kwa intaneti ya ADSL au VDSL, kuweni macho. Kuna filta feki (filta ni kiboksi cha kuzuia mawimbi ya intaneti yasiingie kwenye simu) zinauzwa mtandaoni na watu wanapigwa kweupe. Kwa nje huwezi kuzitofautisha na zile halali: kiboksi cha plastiki, mkia wa waya wenye plagi, na matundu mawili, moja limeandikwa PHONE (la simu) na jingine DSL (la modemu). Ukikipasua unakuta nyaya mbili zimetoka kwenye plagi zikaungwa moja kwa moja kwenye matundu yote mawili. Hakuna koili, hakuna kapasita, yaani vile vipande vinavyochuja mawimbi. Hicho ni kiungio cha kugawa waya tu, na tundu la PHONE halina tofauti yoyote na la DSL.

Biashara hii inadumu kwa sababu moja: intaneti huwaka vizuri tu ukishachomeka. Modemu haihitaji filta ili iwake. Anayehitaji filta ni simu, na ubovu hujitokeza simu inapoita au mtu anapoinua mkono wa simu. Mnunuzi anachomeka, anaona taa imetulia, anampa muuzaji nyota tano siku hiyo hiyo. Kwa hiyo maoni yanayosema "imefika haraka, inafanya kazi" yapuuzeni. Tafuteni maoni ya mtu aliyepiga simu huku intaneti ikitumika.

Sauti ya simu hutumia masafa ya chini, kama 300 hadi 3400 Hz. ADSL huanzia juu zaidi, karibu 26 kHz, na kwenda hadi 1.1 MHz. ADSL2+ hufika 2.2 MHz na VDSL2 hupanda zaidi ya hapo. Waya ni uleule, kwa hiyo kazi ya filta ni kuruhusu masafa ya chini yaende kwenye simu na kuyazuia ya juu yasifike huko. Isipokuwepo, mambo mawili hutokea. Kwanza, mawimbi ya modemu yanaingia kwenye simu na unasikia mfoko kama wa hewa unapoongea. Yanayosumbua zaidi ni yale ya kupakia (kutuma data nje), maana yanatoka kwenye modemu iliyo humo humo ndani ya nyumba yakiwa na nguvu zake zote. Pili, na hili ndilo baya, simu ikiinuliwa hali ya umeme ya laini hubadilika ghafla, modemu inapoteza mawasiliano na inaanza kutafuta laini upya. Ukimlalamikia muuzaji atakuambia laini yako ni mbovu. Ukiita fundi wa kampuni ya simu na akakuta kasoro iko ndani ya nyumba, kampuni nyingi zitakutoza gharama ya kuja.

Namna ya kuipima ni rahisi. Njia isiyohitaji kifaa chochote ni kuchomeka modemu kwenye tundu la PHONE badala ya la DSL. Filta halali itaizuia: taa ya DSL itaendelea kumweka bila kutulia, au modemu itaunganika kwa kasi ya kusikitisha. Ipe kama dakika tano. Ikiunganika kwa kasi yako ya siku zote, umepigwa. Ila msirudie jaribio hili mara nyingi kwa siku moja, kwa sababu mitambo ya baadhi ya kampuni huhesabu kukatika huko kuwa laini haijatulia na kukushushia kasi.

Mwenye multimita (kifaa cha kupimia umeme) apime kabla hata ya kuiunga. Filta iwe imechomolewa kila mahali, maana laini hubeba volti 48 hivi muda wote na simu ikiita hupanda hadi 90 au karibu na hapo. Multimita iliyowekwa kwenye ohmu haipendi hayo, na vidole navyo havipendi. Weka kipimo cha ohmu 200, gusanisha kwanza ncha zake mbili uone inasoma ngapi. Kisha gusa waya mmoja wa katikati kwenye plagi ya kuingilia, na ncha nyingine kwenye waya huohuo ndani ya tundu la PHONE. Usiposoma kitu, jaribu waya wa pili, kwani nyaya za simu hupishanishwa mara nyingi. Kwenye filta yenye koili utasoma ohmu kadhaa, nyingine hufika ishirini na zaidi. Ikisoma sawasawa na ncha zilipogusana, hakuna koili humo. Pima nyaya zote mbili. Tundu la DSL lenyewe lisome karibu na sifuri, hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kuna aina nyingine ya feki ambayo ni mbaya kuliko tupu: waliotoa koili wakaacha kapasita imekingama kati ya nyaya mbili. Kapasita ya nanofaradi 20 bila koili mbele yake, kwenye 100 kHz, huwa kama ohmu 80 tu, na kwenye 1 MHz hubaki ohmu 8. Laini ya DSL yenyewe inahesabiwa kama ohmu 100. Yaani sehemu kubwa ya mawimbi ya juu inamezwa hapo, hata bila simu kuinuliwa. Ukiona kasi imeporomoka mara tu baada ya kuchomeka "filta" mpya, ichomoe uangalie ukurasa wa modemu: ziada ya mawimbi dhidi ya kelele (SNR, kwa dB) na kasi ya muunganiko vikirudi juu, umempata mchawi.

Wauzaji hawa hawa wana changa jingine la macho: kuuza pakiti ya kumi na kudai kila soketi ya nyumba iwe na filta. Si kweli. Soketi isiyo na kifaa haihitaji chochote. Inayohitaji ni ile yenye simu, faksi, mashine ya kujibu simu au king'amuzi kilichoungwa kwenye laini. Hata filta halali zikizidi tatu au nne huanza kuielemea laini, kwa sababu kila moja inaongeza kapasita yake. Mwenye vifaa vingi aweke splita (filta kuu ya nyumba nzima) moja kubwa pale laini inapoingilia nyumbani, modemu ipate waya wake peke yake kutoka hapo. Mfumo wa king'ora cha wezi nao unapitishwa hapo hapo, uunganishwe na mtu anayeujua.

Na kama una fiba, au simu yako ya mezani imechomekwa nyuma ya ruta, hauhitaji filta kabisa. Anayekuuzia "filta ya fiba" anakuibia.

Ambaye tayari anayo na anasikia mfoko: inua simu, bonyeza tarakimu moja ili mlio ukate, sikiliza haraka kabla mlio wa makosa haujaanza. Kisha zima modemu urudie. Mfoko ukipotea modemu ikiwa imezimwa, filta haichuji. Piga picha ya ndani ya kiboksi na ya kipimo cha multimita kabla ya kudai pesa yako, na udai kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha.