Black Origami ya Jlin: uzoefu wangu na albamu inayosikilizwa kwa miguu

Kama masikio yako yamelelewa na singeli, usitishwe na jina "muziki wa kielektroniki". Black Origami, albamu ya pili ya Jlin, produsa wa Marekani, iliyotolewa na lebo ya Planet Mu mwaka 2017, ni midundo mitupu. Ngoma zinaitana, zinajibizana, zinakatizana, na kuimba ni kwa nadra sana.

Nimeinunua Bandcamp, tovuti ya kuuza muziki. Spika ya simu haiitendei haki hata kidogo: besi yote inapotea, unabaki na vijiti vinavyogongana. Ivalie hedifoni za maana au iunganishe na sabufa, hata ile ya wastani ya Kariakoo, ndipo utasikia kila ngoma ilivyowekwa mahali pake.

Jlin, yaani Jerrilynn Patton, ni wa Gary, Indiana, mji wa chuma alikozaliwa Michael Jackson. Jlin mwenyewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha chuma huku akitengeneza muziki. Msingi wake ni footwork, muziki wa Chicago ambao wachezaji hushindana kwa wepesi wa miguu, mapigo kama 160 kwa dakika. Kwa mtu wa Dar hiyo si kasi ya kutisha, singeli yetu inapita 200 bila shida. Ila singeli hunyoosha mbio, MC akiwa juu yake. Jlin anaukunja mdundo. Ukishajua pa kukanyaga, yeye keshapahamisha.

Ngoma ninayoirudia kuliko zote 12 ni Nyakinyua Rise. Mdogo wangu anatengeneza biti za singeli Tandale, nikamwekea bila kumwambia ni ya nani. Aliirudisha nyuma, akairudisha tena, kisha akauliza, "Kaka, huyu produsa ni wa mtaa gani?" Nilipomwambia ni dada wa Marekani anayetumia FL Studio, programu ileile anayotumia yeye, akafungua laptopu palepale. Kwangu hiyo ni sifa kubwa kuliko nyota zote za wahakiki, nao waliisifu sana albamu hii.

Challenge (To Be Continued), inayofunga albamu, ina ngoma za gwaride. Inanichangamsha kama matarumbeta ya harusi yanapopita mtaani juu ya pikapu na watoto wakikimbia nyuma. Never Created, Never Destroyed inampa nafasi Dope Saint Jude, rapa wa Cape Town, na besi yake ni nzito kwelikweli. Ngoma iitwayo 1%, aliyoshirikiana na Holly Herndon, mwanamuziki wa kielektroniki, bado haijaniingia.

Dosari ninayoiona ni kwamba pumziko ni haba. Ukiisikiliza yote kwa mkupuo baada ya foleni ya jioni, kichwa kinachoka kabla ya miguu. Mimi naigawa, nusu asubuhi, nusu usiku.

Usiinunue kwa ajili ya kuwawekea wageni sebuleni. Inunue kama unacheza, kama unapiga ngoma, au kama unatengeneza biti na umechoka kusikia kiki, yaani pigo la ngoma ya besi, ileile kila wimbo. Anza na Nyakinyua Rise, fuata Kyanite, halafu ndipo urudi ngoma ya kwanza. Nyota nne na nusu kati ya tano.